Oksidi si kutu: tunayoambiana kuhusu vipandikizi vya titani

Hapa Lubumbashi tunajua madini. Aliyekulia Katuba au Ruashi ameona malori ya asidi yakielekea migodini, na anajua kutu inavyokula mabati ya nyumba. Kwa hiyo mgonjwa akiambiwa kwamba visi (skrubu) ya titani atakayowekewa kwenye taya imefunikwa na oksidi, yaani tabaka linalotokea metali ikiungana na oksijeni, tena imeoshwa kwa asidi, hofu yake ina msingi. Lakini mengi yanayosemwa mtaani kuhusu vipandikizi hivi, vifaa vinavyowekwa ndani ya mwili kushika jino au mfupa, si kweli, na inauma kuona mtu akikataa tiba inayomfaa kwa sababu hiyo.

"Oksidi ni kutu"

Kutu ya chuma hubanduka, maji na hewa vikapenya, chuma kikazidi kuliwa. Oksidi ya titani haifanyi hivyo. Titani ikigusana na hewa tu, utando wake hujitengeneza papo hapo. Unene wake ni nanomita chache, wakati unywele wa mtu unafika nanomita 80,000 hivi. Ukikwaruzwa, unajiziba wenyewe. Huo ndio unaozuia metali isiyeyuke mwilini.

Katika miaka ya 1950, Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura. Alipotaka kutoa vifaa vyake vya titani, havikutoka: mfupa ulikuwa umevishika. Mwaka 1965 alimpandikizia meno mgonjwa wa kwanza. Kilichoshikwa na mfupa siku zile, na kinachoshikwa hata leo, ni ile oksidi. Titani tupu haigusani na mfupa kabisa. Hata kobalti, ambayo Kongo inaitoa kwa wingi kuliko nchi yoyote, ikichanganywa na kromi kutengeneza viungo vya nyonga hulindwa na utando wa oksidi ya kromi.

"Visi ya zambarau imepakwa rangi, itachujuka"

Itazame kwa karibu visi ya zambarau au ya bluu inayofunga plaki (bamba la metali) kwenye mfupa uliovunjika. Hapo bisibisi ilipokwaruza utaona kijivu cha titani, lakini hutaona ganda la rangi likibanduka, kwa sababu hakuna rangi iliyopakwa. Kiwandani visi huzamishwa kwenye maji yenye kemikali, umeme ukapitishwa, oksidi ikanenepa. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake, jicho likaona rangi. Volti zikiongezwa, utando unanenepa na rangi inabadilika. Madaktari huitumia kutofautisha saizi.

"Asidi inabaki ndani, na kitu laini kinachong'aa ndicho bora"

Haya mawili hutembea pamoja. Vipandikizi vingi vya meno hupigwa kwanza kwa chembe ngumu, kisha hulowekwa kwenye asidi ya haidrokloriki na ya salfuriki, halafu husafishwa. Asidi haiachwi humo. Kinachobaki ni vishimo vidogo mno, na seli za mfupa hushika hapo vizuri kuliko kwenye uso laini. Zamani mgonjwa alisubiri miezi 3 hivi kwa taya la chini na hadi 6 kwa la juu kabla ya kufungiwa jino. Leo, kwa mfupa mzuri, wiki 6 hadi 8 mara nyingi zinatosha.

Kemia haikuishia hapo. Japani walionyesha kwamba titani ikilowekwa kwenye soda kaustiki, ileile ya watengeneza sabuni, kisha ikachomwa kwa nyuzi 600 za Selsiasi hivi, huvuta kalisi (kalsiamu) na fosfeti ya mwili ikajijengea madini kama ya mfupa. Wengine wanatumia vikundi vya haidroksili (oksijeni na haidrojeni zilizoungana) vilivyo juu ya oksidi: wanabandika hapo fosfoneti, molekuli yenye fosforasi inayoshika oksidi, na kwenye ncha yake ya pili kipande cha protini ambacho seli hukitambua. Kwangu hii ndiyo kazi yenye matumaini makubwa, ingawa sehemu yake kubwa bado iko maabara. Anayekuuzia leo "jino lenye protini" mwulize maswali mengi.

"Jino likishashika, basi"

Hapana. Bakteria nao wanapenda uso wenye vishimo. Uchafu ukikaa kwenye ufizi, mfupa unaozunguka kipandikizi huliwa polepole, na sigara au kisukari kisichodhibitiwa huongeza hatari. Jeli kali za floridi zenye asidi nazo hushambulia oksidi, kwa hiyo kila daktari wa meno unayemwendea ajue una titani.

"Visi iliyotolewa kwa mtu mwingine, ikichemshwa, ni sawa"

Joto huua vijidudu vingi, lakini halirudishi uso uliokwaruzwa wala haliondoi mabaki ya protini yaliyogandamana juu yake. Kipandikizi ni cha mtu mmoja. Pakiti ya kipandikizi cha meno huja na vibandiko vyenye namba ya loti, yaani kundi kilimotengenezwa: kimoja hubandikwa kwenye faili lako. Papa, Mama, kingine kiombe ukae nacho nyumbani.