Amatic: fonti nyembamba yenye uchangamfu

Fonti nyembamba kwa kawaida huwa na sura ya ukali. Herufi zikibanwa ubavuni na kurefushwa, mistari yake ya wima hukaribiana na kusimama kama safu ya nguzo. Fonti ya Oswald, ambayo mbunifu wa fonti Vernon Adams aliichora kwa kufuata mtindo wa fonti ya zamani, Alternate Gothic ya mwaka 1903, ina sura hiyo, nayo hufaa sana kwa vichwa vya habari nzito. Adams huyo huyo, aliyefariki mwaka 2016, ndiye aliyetuachia pia Amatic, ambayo ni nyembamba zaidi na bado inachangamsha.

Uchangamfu wake unatokana na mkono. Mistari ya Amatic ni myembamba na unene wake unakaribia kulingana, lakini haikunyooka kabisa, hivyo jicho hutambua mara moja kwamba kuna mtu aliyeshika kalamu. Herufi zote ni kubwa; penye herufi ndogo utakuta umbo lile lile la herufi kubwa likiwa limepunguzwa kimo. Kwa sababu hiyo naiona inafaa kwa maneno machache yanayosomwa kwa ukubwa: jalada la kitabu cha watoto, lebo ya chupa ya asali, orodha ya vyakula ukutani mwa mgahawa, kadi ya mwaliko. Aya nzima iliyopangwa kwa Amatic huchosha, na tanzia kamwe siipangi kwa fonti hii.

Kwa Kiswahili ina faida ambayo wabunifu wetu wangepaswa kuitumia zaidi. Viambishi hurefusha maneno yetu, na neno kama TUNAWAKARIBISHA lina herufi 15. Katika fonti pana utalazimika kulipunguza hadi lipoteze nguvu, au ulikate katikati, jambo ambalo kwenye kadi huchukiza. Katika Amatic linasimama refu kwenye mstari mmoja na nafasi inabaki. Lakini ukubwa usiupime kwa mazoea. Mahali ambapo fonti nyingine ningeiweka pointi 24, Amatic naanza na 36, na maandishi meupe juu ya rangi iliyokolea nayapanga kwa Bold, yaani toleo lake nene, kwani wino huingia kwenye mistari myembamba na kuifunika.

Tatizo linalohitaji kazi ni A. Neno lile la TUNAWAKARIBISHA lina A 4, zote zikiwa nakala za mchoro mmoja, na msomaji makini atagundua kwamba mkono ule haukuandika kweli. Mimi hulibadilisha neno liwe mchoro, kisha naisogeza A moja kidogo, nyingine naiinamisha, nyingine naurefusha mguu wake. Leseni ya SIL Open Font, ambayo Amatic imetolewa chini yake, inaruhusu hata kuihariri fonti yenyewe, mradi utakayoisambaza ibaki chini ya leseni hiyo hiyo, kwa hiyo anayepanga kadi za Kiswahili mara kwa mara anaweza kujiongezea A za ziada ndani ya faili.