Dole Gumba Halijasema Ndiyo: Dhana Potofu Kuhusu Vitufe vya Kuitikia

Kikao cha ukoo wetu kilipangwa Jumamosi saa nne asubuhi, nyumbani kwa shangazi, Tanga. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo tangazo niliandika mwenyewe kwenye grupu la WhatsApp: matibabu ya babu mdogo, na mchango wa kila nyumba. Hadi usiku ule ujumbe ulikuwa na alama 31 chini yake, karibu zote dole gumba. Shangazi akapika pilau ya watu 30. Jumamosi tulifika 7.

Nilipowauliza wengine, hakuna aliyeona amevunja ahadi. Mmoja aliniambia, "Si niliweka dole? Nilimaanisha nimeona." Mwingine alikuwa anasema wazo ni zuri. Binamu aliyeko Muscat alikuwa anatutakia kikao chema. Alama ni moja, na kila mtu aliiweka kwa nia yake.

Tangu siku hiyo grupu limegawanyika. Kuna wanaotaka tukatazane kabisa kutumia vitufe hivi, mtu akiwa na la kusema aandike. Kuna wanaoona bila vitufe grupu litageuka soko. Nimewasikiliza wote kwa sababu jambo hili linaniuma, na naona pande zote mbili zimesimama juu ya mambo ambayo si kweli.

Dhana: Haya yameletwa na simu, wazee wetu walijadiliana kwa hoja

Kitufe chenyewe ni kipya, hilo sikatai. Facebook ilianza na dole gumba Februari 2009, kisha Februari 2016 ikaongeza alama za kupenda, kucheka, kushangaa, kusikitika na kukasirika. WhatsApp ilichelewa: alama 6 za kwanza ziliingia Mei 2022, na baada ya miezi michache ikafungulia emoji zote.

Lakini kuitikia bila kutoa hoja tumekuzwa nako. Msimuliaji akisema "Paukwa" na watu wakanyamaza, hadithi haianzi, inangoja "Pakawa". Fungua taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge la Tanzania: katikati ya hotuba ya mbunge utakuta kwenye mabano (Makofi), na mbele kidogo (Kicheko). Bila alama hizo, msomaji wa miaka 20 ijayo hatajua neno lile lilipokelewaje ukumbini.

Na taarab je? Mtu anainuka kitini, noti mkononi, anakwenda taratibu huku akicheza mpaka jukwaani kumtunza mwimbaji, na anachagua kwenda kwenye ubeti uleule uliomgusa. Ukumbi mzima unaona ni nani aliyeinuka na ametunza neno gani. Kama kuna aliyekusudiwa, anajijua. Mwitikio ule una jina, una wakati wake, na una gharama: umetoa pesa, umesimama mbele za watu. Kitufe kimeondoa gharama. Hapo ndipo upya wake ulipo, na karibu kila tatizo lake linatokea hapo.

Dhana: Kitufe ni uvivu, kinaua mazungumzo

Bibi alifariki kabla WhatsApp haijaweka vitufe. Tangazo liliingia grupuni saa tano usiku. Chini yake zikaanza kumiminika: "Inna lillahi", "Poleni sana", "Amina", "Amina", "Amina". Katikati ya mafuriko hayo binamu yetu mmoja aliyekuwa Dar aliuliza kosta ya kwenda mazikoni inaondoka saa ngapi. Kaka aliyeikodi alimjibu baada ya dakika chache tu, "Saa kumi alfajiri, Kimara." Jibu lile lilizama. Binamu alivuta skrini juu na chini, akaona Amina tupu, akachoka, akalala akijua atapigiwa simu. Saa kumi na mbili alikuwa amesimama Kimara na begi lake, na kosta ilikuwa imeshapita Chalinze. Bibi tulimzika bila yeye, na yeye ndiye aliyelelewa na bibi.

Hakuna hata mmoja aliyekosea kwa kuandika Amina. Tatizo ni kwamba kila Amina ilichukua nafasi sawa na saa ya kuondoka kwa gari. Watu wanaoandika programu za kompyuta kwa ushirikiano walipata adha hiyohiyo. Kwenye GitHub, mtu akiripoti hitilafu, wenzake walikuwa wanaandika "+1" kuonyesha kwamba na wao imewapata, mpaka maelezo ya namna ya kuirekebisha hayaonekani tena. Januari 2016 wasimamizi wengi wa miradi walitoa barua ya wazi kulalamika, na Machi mwaka huo GitHub ikaweka vitufe vya kuitikia. Kitufe kiliondoa maneno yasiyobeba kitu, na mazungumzo yakabaki na nafasi.

Kuna jambo jingine wapingaji hawalitazami. Mwaka 2014 watafiti watatu, Cheng, Danescu-Niculescu-Mizil na Leskovec, walichapisha uchunguzi wa wachangiaji wa maoni kwenye tovuti kubwa za habari ambako wasomaji hupiga kura ya kupanda au kushuka. Waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuacha kuchangia ni wale ambao hawakupata mwitikio wowote. Ukimya unafukuza watu. Mama mdogo wangu wa Mwanza alikaa miezi bila kuandika kitu kwenye grupu letu. Siku aliyoweka picha ya mjukuu wake na ikapata makopa 14, kesho yake alirudi kutusalimia asubuhi, na hadi leo anasalimia.

Hata hivyo hapa wapingaji wana ukweli wao, na nauheshimu. Kuna mahali alama haifiki. Mfiwa akipata mikono 78 iliyokunjwa na hakuna simu hata moja, atajua ameonwa, lakini hatasema alifarijiwa.

Dhana: Ukiweka dole umekubali

Hii ndiyo iliyotupikia pilau. Wanaoishikilia siku hizi wanataja kesi moja ya Kanada. Mwaka 2021, katika mkoa wa Saskatchewan, mnunuzi wa nafaka alimtumia mkulima picha ya mkataba wa tani 86 za mbegu za kitani, akamwomba athibitishe. Mkulima akarudisha dole gumba. Siku ya kupeleka mzigo ilipofika mbegu hazikuonekana, na bei sokoni ilikuwa imepanda sana. Mkulima alijitetea kwamba dole lilimaanisha mkataba umemfikia tu. Juni 2023 mahakama ilisema lilikuwa sawa na sahihi yake, ikamwamuru alipe zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya mkoa huo ilikubaliana na uamuzi huo.

Watu wengi wanaishia hapo. Soma sababu za hukumu. Mahakama iliangalia biashara za nyuma za watu wawili hawa: mara kadhaa mkulima alikuwa ametumiwa mkataba kwa njia hiyohiyo, akajibu kwa neno fupi tu la kuafiki, kisha mzigo ukaenda. Mazoea yao ndiyo yaliyolipa dole maana. Sisi kwenye ukoo hatuna mazoea hayo. Mjomba anaweka dole akimaanisha "nimesoma", dada anaweka akimaanisha "nakuja", na hatujawahi kukaa tukakubaliana.

Dhana: Emoji haihitaji tafsiri, kila mtu anaielewa

Ile sura inayocheka mpaka machozi yanatoka, kwenye simu ndogo yenye kioo kilichopasuka, ina ukubwa wa punje ya mchele. Mzee wetu mmoja aliiweka chini ya tangazo la msiba zaidi ya mara moja, akiamini ni sura inayolia. Vijana wakakwazika. Mjukuu wake alipomkuzia alama ile kwenye simu yake, mzee alishika kichwa. Alikuwa amelia na sisi muda wote, kwa alama isiyo yake.

Dhana: Chenye alama nyingi ndicho chenye ukweli

Mwaka 2013 Muchnik, Aral na Taylor walichapisha kwenye jarida la Science jaribio ambalo kila kiongozi wa grupu angepaswa kulijua. Kwenye tovuti moja walichukua maoni zaidi ya 101,000 ya wasomaji, wakayagawa bila kuangalia yanasema nini: baadhi wakayapa kura moja ya kupanda mara tu yalipowekwa, mengine kura moja ya kushuka, mengine wakayaacha. Msomaji wa kwanza aliyekuta kura ile ya bandia ya kupanda alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 32, wa kuongeza ya kwake. Mwishoni maoni hayo yalikuwa na alama zaidi kwa wastani wa asilimia 25 kuliko yaliyoachwa. Kura za kushuka hazikuleta mafuriko ya namna hiyo, kwa sababu watu walijitokeza kuzisahihisha.

Fikiria basi grupu ambako kila mtu anaona nani ameweka nini. Kwetu, mjomba mkubwa akishaweka dole chini ya pendekezo, dakika 10 zinazofuata ni madole. Nimewahi kupigiwa simu pembeni na watu watatu wakiniambia hawakubaliani na jambo ambalo wote watatu walikuwa wameliwekea dole. Si wanafiki hawa. Ni adabu: nani atabaki peke yake bila alama, baada ya mkubwa kuonyesha njia?

Dhana: Kugusa tu hakuna anayehesabu

Hili linategemea uko wapi, na wengi hatutofautishi. Kwenye grupu la WhatsApp ujumbe unapangwa kwa wakati uliotumwa, na alama unayoweka inalindwa kwa usimbaji fiche kama ujumbe wenyewe, yaani asiyekuwemo grupuni hawezi kuisoma. Dole lako halimsogezi mtu juu wala chini.

Facebook ni nyumba nyingine. Mwaka 2017 programu inayoamua nani aone posti gani ilianza kuipa kila alama ya hisia, ikiwemo ile ya hasira, uzito mara 5 ya dole gumba la kawaida. Maana yake ukikasirikia uongo na kubonyeza uso mwekundu, ulikuwa unausukuma uongo ule kwa watu wengi zaidi kuliko aliyeuwekea dole. Watafiti wa ndani wa kampuni hiyo waligundua kwamba posti zenye hasira nyingi zilikuwa pia na uwezekano mkubwa wa kubeba upotoshaji. Septemba 2020 uzito wa hasira ukashushwa hadi sifuri. Sisi wa nje tulijua Oktoba 2021, nyaraka za ndani alizotoa Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, zilipofika magazetini. Miaka mitatu watu walipinga kwa kidole, na kidole kikawa kinaeneza. Nikifikiria chaguzi na magonjwa yaliyopita katika miaka hiyo, linanisikitisha mpaka leo.

Kuhesabiwa hakuishii kwenye mpangilio wa posti. Mwaka 2013 Kosinski, Stillwell na Graepel walitumia laiki za watu zaidi ya 58,000 waliojitolea, nchini Marekani, wakaweza kutofautisha mfuasi wa Democrat na wa Republican kwa asilimia 85. Walichotazama ni mambo ambayo watu hao walikuwa wamelaiki, basi. Na Julai 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba duka la mtandaoni la Ujerumani lililoweka kitufe cha laiki kwenye kurasa zake linawajibika pamoja na Facebook kwa kukusanya na kupeleka taarifa za wateja, na taarifa hizo zilikuwa zinakwenda Facebook hata za mtu ambaye hakukigusa.

Dhana: Tukipata dole la kushuka, wakorofi watanyooka

Hawanyooki. Uchunguzi uleule wa 2014 ulionyesha kwamba waliopigiwa kura za kushuka waliandika zaidi, wakaandika vibaya zaidi, na wakaanza kuwapigia wenzao kura za kushuka. Kama kitufe hicho ni lazima kiwepo, napenda zaidi utaratibu wa Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, ambako ukilipigia kura ya kushuka jibu la mwenzio unakatwa pointi 1 ya sifa zako. Angalau kuna gharama, kama pale jukwaani kwenye taarab.

Kwenye ukoo hatukuvifuta vitufe. Tulitenga tu mambo matatu ambayo alama haijibu: swali, pesa na mahudhurio. Kikao cha pili niliandika, "Anayekuja aandike jina lake na idadi ya watu wake. Chakula tutapika kwa majina." Yalipatikana majina 19. Chini ya ujumbe kulikuwa na madole 22 pia, nikafurahi kuyaona, na shangazi hakuniuliza habari zake.

Walifika 18. Wa 19 alipiga simu saa tatu na nusu akiwa Segera: basi limeharibika, mchango ameshautuma, na tafadhali tusimalize pilau. Shangazi akachukua sahani, akaijaza, akaifunika kwa kawa.