Kabla hujafowadi, mpigie mama wa upande ule

Sisi tunaofanya kazi za mawasiliano na amani tunaulizwa sana ni app gani inaleta amani. Hakuna. App ni kama panga tu, unaweza kufyeka nalo shamba au ukamkata jirani.

Chukua Tana Delta, pwani ya Kenya. Agosti 2012, kijiji cha Reketa, waliuawa karibu watu 50, wengi wakina mama na watoto. Ugomvi wa Wapokomo, ambao ni wakulima, na Waorma, ambao ni wafugaji, ni wa maji, malisho na mashamba, lakini uvumi ndio uliomwaga petroli, mtu anasikia tu "wanakuja usiku huu" basi watu washashika silaha na hakuna aliyeonekana bado. Baadaye ikaja huduma ya Una Hakika, ulikuwa unatuma meseji kuuliza ulichosikia, watu wa kujitolea vijijini wanafuatilia, unarudishiwa jibu. Hata kabambe, ile simu ndogo ya vibonye, ilitosha.

Wanawake wanaingia wapi? Kwenye biashara ya maziwa. Mama wa Kiorma ana maziwa, wa Kipokomo ana ndizi na maembe, namba za simu wanazo tayari na madeni wanadaiana, na anayekudai hataki ufe! Wajir nako, kaskazini mashariki mwa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 90 koo zinapigana na simu za mkononi hazijafika, mwanaharakati wa amani marehemu Dekha Ibrahim Abdi na wenzake walianzia sokoni hivyohivyo, wakakubaliana mwanamke wa ukoo wowote auze na anunue bila kusumbuliwa. 2007 akapewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood.

Kwa hivyo mkifungua grupu la WhatsApp wekeni maadmini wawili, mmoja kila upande. Meseji ikiwa na mishale miwili ujue imepita mikono mingi, aliyekutumia huenda hakushuhudia tukio kwa macho yake, muulize picha imepigwa wapi, lini, na nani, halafu mpigie mtu wa kijiji kile kile. Tusijidanganye lakini, wanawake nao huchochea, kejeli ya mama inaweza kumtoa kijana nyumbani na mkuki, na kwa sheria ya Kenya ya 2008 matamshi ya chuki ya kikabila ni faini mpaka shilingi milioni 1 au jela mpaka miaka 3 au vyote, haijali wewe ni mama wa nani.

Aliyeleta habari msimuanike jina. Na jibu litumeni kwa voisi, manake wengine hawasomi, mwenye simu kubwa anawawekea wenzake pale pale wanapouzia maziwa.