Kushuka ndiyo ngoma: jinsi ninavyochagua kilele

Mtu akinijia na jina la mlima anaotaka nimwongoze, swali langu la kwanza ni hili: utashukaje? Wengi hunyamaza. Urefu wa kilele wanaujua mpaka tarakimu ya mwisho, picha yake ipo kwenye simu, hata saa ya kufika wameshaipanga. Kuteremka hawajakufikiria kabisa. Nimeongoza watu milimani kwa zaidi ya miaka 20, na karibu kila tukio baya nililoliona kwa macho yangu lilitokea baada ya watu kuupa kilele mgongo. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Sijui kama waliwahi kukanyaga theluji, lakini mimi huchagua mlima kwa kauli hiyo.

Historia ya upandaji milima imejaa ushahidi wake. Tarehe 14 Julai 1865 watu saba walifika juu ya Matterhorn, mlima wa Alpi wenye mita 4,478, kwa mara ya kwanza. Walikuwa na furaha isiyo kifani. Saa chache baadaye, wakiteremka, mmoja aliteleza, kamba ikakatika, na wanne wakafa. Mpandaji Mwingereza Edward Whymper na waongozaji wawili, baba na mwanawe, ndio waliobaki. Karne moja na nusu baadaye, Agosti 2008, watu 11 walikufa kwenye K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, katika muda wa siku mbili, na wengi wao walikuwa njiani kurudi. Pande la barafu lilianguka juu ya mfereji mwembamba uitwao Bottleneck, kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 8,000, likazikata kamba walizotegemea kuteremkia. Waliokuwa juu wakajikuta wako mahali ambapo hewa haimruhusu binadamu kukaa, na njia haipo tena.

Kwa nini kushuka? Misuli imechoka, hilo kila mtu analijua. Lakini kuna jambo la hewa ambalo wengi hulielewa vibaya. Oksijeni haipungui kwa asilimia unapopanda. Ni kama asilimia 21 ya hewa pwani, na ni hiyo hiyo juu ya Everest. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Kwenye mita 5,500 hivi mgandamizo huo ni karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari, na juu ya Everest, mita 8,849, umebaki kama theluthi moja. Kila pumzi inakuletea kidogo, na kiungo cha kwanza kulipa gharama ni ubongo. Mtu mwenye akili timamu, daktari, mhandisi, anaanza kusema mambo yasiyoeleweka na hajui kwamba anayasema. Halafu huyo ndiye anayetakiwa afunge fundo la kamba ya kushukia.

Ndiyo sababu saa ya kugeuka, yaani saa ya kurudi hata kama kilele hatujakifikia, huwa naipanga tukiwa bado chini, tumekaa na akili zetu, na juu haijadiliwi. Nimewahi kugeuza kundi kwenye Aconcagua, mlima wa Argentina, tukikiona kilele, na hali ya hewa ikiwa nzuri kabisa. Mwanamume mmoja alilia. Nilimwelewa, kwa sababu aliusubiri mlima ule kwa miaka. Lakini saa ilikuwa imepita, na kutoka pale hadi kambi ya mwisho, karibu mita 6,000, ni mteremko mrefu ulio wazi kwa upepo na rahisi kupotea ukungu ukishuka. Aconcagua ina mita 6,961 na njia yake ya kawaida haihitaji ufundi wa kamba. Hapo ndipo mtego ulipo. Watu huiona kama matembezi marefu, na wanafika juu wakiwa wametumia kila kitu walichokuwa nacho.

Basi ukitaka kuchagua kilele, anza na ramani, uweke kidole juu kabisa, kisha ukiteremshe. Kidole kinapita wapi? Kuna sehemu ya kupanda tena kabla ya kushuka? Jua litakuwa limefika upande gani saa hiyo? Chimborazo, mlima wa Ecuador wenye mita 6,263, watu huondoka usiku wa manane ili wawe wameshashuka kabla jua halijalegeza barafu inayoshika mawe. Ukichelewa kwa saa tatu, unateremka huku mawe yakiporomoka juu yako. (Chimborazo ndiyo sehemu ya uso wa dunia iliyo mbali zaidi na kitovu chake, kwa zaidi ya kilomita mbili kuliko Everest, kwa sababu dunia imefutuka kwenye ikweta. Kwa mtu anayependa kusema amesimama mahali pa juu zaidi, ni hoja nzuri.)

Swali la pili ninalojali ni mahali utakapolala. Ukishapita mita 3,000, kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne kuwe na siku ya kupumzika. Mlima usiokuruhusu kufanya hivyo ni mlima mgumu, hata kama mtoto angeweza kutembea kwenye njia yake. Kilimanjaro ni mfano mzuri. Njia yenyewe ni ya kutembea tu, hakuna kamba, lakini ni mita 5,895, na watu hujaribu kuumaliza kwa siku tano. Mimi humshauri mtu achukue njia ndefu, ile ya Lemosho kwa siku saba au nane. Katikati yake kuna siku moja ninayoipenda sana: unapanda hadi Lava Tower, zaidi ya mita 4,600, unakaa pale kichwa kikianza kugonga, halafu unateremka kulala kambi ya Barranco, chini ya mita 4,000. Mwili umeonjeshwa mwinuko kisha ukaachiwa upumue. Siku ya kilele, lakini, Kilimanjaro nayo ina ngoma yake: kutoka kambi ya Barafu unapanda zaidi ya mita 1,200 gizani, na kabla jua halijatua unatakiwa uwe umeteremka hadi kambi ya Mweka. Kutoka kileleni ni kama mita 2,800 za kushuka kwa siku moja. Ninaowaandaa kwa Kilimanjaro nawafanyisha mazoezi ya magoti kuliko ya mapafu.

Urefu peke yake, kwa hiyo, ni kipimo kibovu. Hata ukilinganisha milima miwili inayokaribiana kwa mita, inaweza kuwa viumbe tofauti kabisa. Denali, mlima wa Alaska, ina mita 6,190, pungufu ya Chimborazo. Lakini ipo latitudo ya 63 kaskazini, na tabaka la chini la angahewa ni jembamba zaidi kuelekea ncha za dunia, kwa hiyo mgandamizo wa hewa juu ya Denali ni mdogo kuliko ule wa mlima wenye urefu huo huo ulio kwenye ikweta. Mapafu yako yanahesabu mita zaidi ya zilizoandikwa kwenye ramani. Ongeza baridi, ongeza kwamba ndege inakuacha juu ya mto wa barafu kwenye mita 2,200 hivi na kutoka pale unabeba na kukokota mzigo wako mwenyewe kwa wiki mbili au tatu. Na waulize walinzi wa hifadhi ile watu huanguka wapi: kwenye mteremko ulio chini ya Denali Pass, wakirudi kambi ya juu, wamechoka, kamba hawakuifunga kwa sababu asubuhi walipopanda ilionekana rahisi.

Kuhusu vipimo vya ugumu vilivyoandikwa vitabuni nitasema machache tu. Vinasaidia, lakini vinapima hali nzuri. Siku ya theluji mbichi, njia ileile inapanda daraja mbili.

Sasa kuhusu kilele changu. Nikiambiwa nichague kimoja tu hadi nife, ni Batian, mita 5,199, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya. Wengi wanaokwenda pale huishia Lenana, mita 4,985, ambako mtu hutembea kwa miguu. Batian na pacha wake Nelion, mita 5,188, ni miamba mitupu inayotaka mikono, kamba na siku nzima. Halford Mackinder na waongozaji wawili wa Alpi, César Ollier na Joseph Brocherel, walifika juu mwaka 1899. Kisha ikapita miaka 30 kabla mtu mwingine hajasimama pale, mwaka 1929, wakati Eric Shipton na Percy Wyn-Harris walipofanikiwa, wakawa pia wa kwanza juu ya Nelion. Miaka 30! Katika muda huo watu walikuwa wameshafika ncha ya kusini ya dunia, na kupita angani juu ya ile ya kaskazini.

Kinachonifanya niupende ni jinsi unavyokulazimisha ufikiri. Mlima uko karibu juu ya ikweta kabisa, kwa hiyo jua linahama upande wake. Kuanzia Juni hadi Septemba linaelekea kaskazini: uso wa kaskazini unakauka, mwamba unakuwa wa joto mkononi, huku uso wa kusini ukishikwa na theluji na barafu. Januari na Februari mambo yanageuka, kusini kunakauka na kaskazini kunakuwa majira ya baridi. Mlima mmoja, majira mawili kwa wakati mmoja, yametenganishwa na ukuta wa mwamba. Sijaona kwingine jambo hili likiwa wazi namna ile. Huwezi kusema tu "nakwenda Batian". Lazima useme mwezi gani na upande gani.

Na kushuka kwake! Ukipanda kwa njia ya kawaida ya kusini-mashariki, unafika kwanza Nelion. Kutoka hapo unateremka kwenye mwanya wenye barafu uitwao Gate of the Mists, kisha unapanda Batian. Umefika, umepiga picha. Sasa ili urudi lazima uingie tena mwanyani na uupande Nelion kwa mara ya pili, ndipo uanze kuteremka kwa kamba, urefu wa kamba baada ya urefu wa kamba. Kushuka kunaanza na kupanda. Mtu ambaye hakulihesabu hilo atalala kwenye mwamba. Juu ya Nelion kuna kibanda kidogo kilichojengwa na Ian Howell mwaka 1970, na nimelala humo usiku mmoja tukiwa tumechelewa, tumebanana, mikono makwapani, tukisikia upepo ukigonga bati. Sijawahi kushukuru kipande cha bati namna ile.

Mwaka huohuo wa 1970, mwezi Septemba, daktari kijana wa Austria, Gert Judmaier, alianguka karibu na kilele cha Batian akavunjika mguu vibaya. Mwenzake Oswald Oelz, daktari pia, alishuka kutafuta msaada akarudi tena kwake. Kumtoa Judmaier pale kulichukua zaidi ya wiki moja, na rubani wa helikopta aliyekuja kusaidia alipoteza maisha. Judmaier alipona. Oelz baadaye akawa miongoni mwa madaktari wanaoheshimika zaidi katika tiba ya mwinuko. Huwa nawasimulia kisa hiki wote ninaokwenda nao, jioni tukiwa bado chini, na baadhi yao wamebadilisha mawazo wakaamua Lenana inawatosha. Nawaheshimu sana hao.

Maana kilele unachokipenda si lazima ukikanyage. Mwaka 1955 George Band na Joe Brown walisimama hatua chache tu kutoka juu ya Kangchenjunga, mita 8,586, mlima wa tatu kwa urefu duniani, hawakuendelea, kwa sababu kiongozi wa safari alikuwa ameahidi kwamba kilele chenyewe kitakatifu hakitaguswa. Bhutan nayo ina Gangkhar Puensum, mita 7,570, ambao hakuna aliyewahi kufika juu, na tangu 2003 nchi hiyo imefunga upandaji milima kabisa. Nauangalia mlima huo pichani kwa mapenzi yaleyale.

Kuna jambo moja ambalo limenibadilishia orodha yangu, nalo ni barafu inayoyeyuka. Njia ninazozijua zinabadilika nikiziangalia. Kwenye uso wa kusini-magharibi wa Mlima Kenya kuna Diamond Couloir, njia ya barafu iliyokuwa ikitajwa na wapandaji wa dunia nzima. Siku hizi sehemu yake ya chini mara nyingi haina barafu ya kutosha kushika shoka. Rwenzori, ambako Mwitaliano Duke wa Abruzzi alifika kilele cha Margherita, mita 5,109, mwaka 1906, barafu imepasuka vipande na kurudi nyuma. Mawe yaliyokuwa yamegandishwa mahali pake yanalegea. Maelezo ya njia ya miaka 15 iliyopita siyaamini tena, hasa maelezo ya kushuka, kwa hiyo kabla ya kila safari namtafuta mtu aliyeteremka pale mwaka huu na kumwuliza hatua kwa hatua.

Januari nitarudi Batian kwa upande wa kusini. Mwongozaji mwenzangu aliyekuwa huko karibuni ameniambia barafu ya mwanyani imepungua, imebaki ngumu, nyeusi, na mawe yametokeza katikati yake. Nimeshaongeza urefu mmoja wa kamba kwenye mzigo, na saa ya kugeuka nimeirudisha nyuma kwa saa moja.