Kuhama kwa mabara: dhana iliyokataliwa kwa nusu karne

Kuhama kwa mabara ni dhana inayosema kwamba nchi kavu za dunia hazikuwa siku zote mahali zilipo leo. Zamani zilishikana, zikapasuka, na hadi sasa zinasogea. Vitabu vya shule huanza na ukingo wa Brazili unavyoingiana na pwani ya Afrika Magharibi, lakini mtu wa Mombasa ana ushahidi wa karibu zaidi. Shuka na barabara ya Nairobi kutoka Taru, upite Mariakani na Mazeras: kadiri unavyoikaribia bahari, miamba inazidi kuwa michanga kwa umri. Mawe ya Mazeras tunayotandika nyuani asili yake ni mchanga uliotua wakati Madagaska bado imeshikana na pwani hii. Kando yake, huko Kambe, mwamba ni chokaa yenye mabaki ya viumbe vya baharini. Bahari ilikuwa imeingia, miaka kama milioni 170 iliyopita, kwa sababu ardhi ilikuwa inaachana.

Mwaka 1596 Abraham Ortelius, mchora ramani wa Antwerp, aliandika kwamba Amerika ilinyofolewa kutoka Ulaya na Afrika. Wazo hilo halikufika mbali. Wanajiolojia wa karne ya 19 walipokuta mabaki ya viumbe vya aina moja pande mbili za bahari, wengi walisema palikuwa na madaraja ya ardhi yaliyozama.

Aliyelisimamia kwa dhati wazo la mabara kuhama ni Alfred Wegener, Mjerumani mtaalamu wa hali ya hewa. Alilitangaza Januari 1912 mjini Frankfurt, akachapisha kitabu mwaka 1915. Alikusanya ushahidi wa kila namna: Mesosaurus, mtambaazi mdogo ambaye mabaki yake yanapatikana kusini mwa Afrika na Amerika Kusini tu, na mikwaruzo ya barafu ya kale juu ya miamba ya India na Afrika Kusini, nchi ambazo leo zina joto. Kwake, mabara yote yalikuwa bara moja, Pangea.

Wengi walimkataa, na naona si haki kuwaita wajinga. Walimuuliza nguvu gani inasukuma bara zima, naye akataja nguvu ambazo hesabu zilionyesha ni hafifu mno. Alifariki Greenland mwaka 1930 bila jibu. Arthur Holmes, mwanajiolojia Mwingereza aliyewahi kufanya kazi Msumbiji, alikuwa ameshapendekeza kwamba mwamba wa moto ulio chini hupanda na kushuka taratibu kama uji kwenye sufuria, ukibeba mabara juu yake. Wachache walimsikiliza. Mwanajiolojia Alexander du Toit wa Afrika Kusini naye alilinganisha tabaka za nchi yake na za Amerika Kusini, akazikuta zinafanana mno. Inauma kwamba jina lake halitajwi sana katika madarasa ya Afrika.

Jibu lilitoka chini ya bahari. Katika miaka ya 1950 Marie Tharp, mchora ramani Mmarekani, alichora sakafu ya Atlantiki akaona ufa mrefu katikati ya safu ya milima iliyo chini ya maji. Mwenzake Bruce Heezen alipuuza mwanzoni, kisha wakagundua kwamba mstari wa matetemeko unaofuata nyufa za namna hiyo unaunganika na Bonde la Ufa letu. Mwaka 1962 mwanajiolojia Mmarekani Harry Hess alieleza kwamba sakafu mpya huzaliwa kwenye nyufa hizo na kusogea pande mbili. Mwaka uliofuata Waingereza Fred Vine na Drummond Matthews walionyesha kwamba milia ya usumaku iliyomo katika miamba hiyo, yaani mistari ambayo mwelekeo wa usumaku wake hugeuka kwa zamu, inalingana na maelezo hayo.

Kufikia 1968 nadharia ilikuwa imebadilika sura. Bara halilimi njia yake baharini, kama wapinzani wa Wegener walivyomwelewa. Ganda la dunia limegawanyika katika mabamba, na bara ni abiria juu ya bamba lake pamoja na sakafu ya bahari iliyo jirani. Mombasa iko kwenye bamba la Somalia, ambalo vipimo vya setilaiti vinaonyesha linajitenga na sehemu kubwa ya Afrika iliyo magharibi ya Bonde la Ufa kwa milimita chache kila mwaka.