Kwa nini karani wa sensa Tanzania hakuulizi dini yako?

Agosti 2022, Tanzania ilipohesabu watu wake, karani alipiga hodi, akaketi na mkuu wa kaya, akafungua kishikwambi na kuuliza mengi: nani walilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23, wana umri gani, wamesoma hadi wapi, nani ana ulemavu, nyumba imeezekwa kwa nini, chakula kinapikwa kwa kuni, mkaa au gesi. Hakuuliza kama watu wa kaya hiyo huenda msikitini, kanisani au kwingineko. Swali hilo liliulizwa kwa mara ya mwisho katika sensa ya 1967, ilhali majirani zetu wa Kenya wameendelea kuliuliza, na mwaka 2019 waliuliza hata kabila.

Jibu linaanzia kwenye Katiba. Ibara ya 3 inaitambua Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini, na Ibara ya 19 inaifanya kazi ya kueneza dini kuwa jambo la hiari la mtu binafsi, huku uendeshaji wa jumuiya za dini ukiachwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Nyuma ya maneno hayo kuna wazo pana kuliko dini yenyewe, nalo ni kwamba watu hutofautiana kwa dhati kuhusu maisha mema ni yapi, na dola haikupewa kazi ya kuamua nani kati yao amepatia. Mmoja huona ametimiza lake akishahiji Makka, mwingine akiingia utawani, mwingine akilima shamba la ukoo hadi azikwe palepale walipozikwa babu zake. Wote hulipa kodi, na zahanati inayojengwa kwa kodi hiyo huhitaji kujua idadi na umri wao tu.

Mwanafalsafa wa Marekani, John Rawls, aliijenga hoja hii kwa mfano wa pazia. Tuseme tumeketi kutunga kanuni za nchi, lakini kila mmoja amefichwa asijue yeye ni nani, wa dini gani, tajiri au fukara. Hakuna mwenye busara atakayekubali dola ipendelee imani moja, kwa kuwa pazia likiondolewa huenda akajikuta miongoni mwa waliotengwa.

Hapa wengi huteleza. Kutoelemea upande hakuna maana kwamba sheria itamgusa kila mtu kwa uzito uleule, maana hilo haliwezekani: Jumapili ni siku ya mapumziko, na swala ya Ijumaa huangukia saa za kazi. Kinachodaiwa kwa dola ni sababu inazozitoa. Ikikataza muziki usiku wa manane kwa kuwa watu wamelala, hata mpenda muziki anaweza kuipima sababu hiyo. Ikiukataza kwa kuwa ni dhambi, imeshachukua upande. Kwa kipimo hicho, wimbo wetu wa Taifa, ambao ni dua tangu mstari wa kwanza, ni mgumu kuutetea. Naupenda mno, na bado nakiri kwamba asiyeamini Mungu hutakiwa kuimba asichokiamini.

Kunyamaza nako ni uamuzi wenye gharama. Kwenye sensa ya 2012 baadhi ya Waislamu walitaka swali la dini lirudishwe, wengine wakagomea kuhesabiwa. Hoja yao haikuwa ya kupuuzwa: bila takwimu, mtu atathibitishaje kwamba jamii yake imeachwa nyuma katika elimu au ajira?

Kwenye ndoa dola haiwezi kunyamaza, kwa sababu lazima iseme nani ni mke wa nani. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilizikubali kwa pamoja ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za kiserikali, za mke mmoja na za wake wengi. Ni kazi kubwa ya maridhiano, lakini kifungu cha 13 kiliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, huku mvulana akitakiwa kufikisha 18. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba hilo linakiuka Katiba. Serikali ilikata rufaa, ikijitetea pamoja na mengine kwamba sheria hiyo ilizingatia mila na dini za wananchi. Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo Oktoba 2019. Naamini ilifanya haki. Dola hujizuia ili kila mtu ajichagulie maisha yake, na binti wa miaka 15 anayeozwa kwa ridhaa ya baba yake hajachagua chochote bado.