Je, Wajua Kwa Nini Mafungo ya Kutafakari ya Vijana Hufanyika Msituni?

Kuketi kimya na kufuata pumzi inavyoingia na kutoka ni zoezi lisilohitaji kifaa chochote, na mtu anaweza kulifanya chumbani mwake mlango ukiwa umefungwa. Hata hivyo, waandaaji wengi wa mafungo ya kutafakari kwa vijana wa umri wa miaka 18 hadi 30 hivi huwapeleka mbali na mji, kwenye msitu, ukingo wa ziwa au bonde la mlima, huwataka wakabidhi simu zao siku ya kwanza, kisha huwaweka huko kwa siku tatu, wiki moja au hata siku kumi. Msitu una kazi gani katika jambo linalotendeka ndani ya kichwa? Jibu fupi ni kwamba msitu haumfundishi mtu kutafakari, bali humwondolea mzigo ambao ungemmaliza nguvu kabla hajaanza.

Mzigo wenyewe ni wa umakini. Mwaka 1890, mwanasaikolojia wa Marekani William James alitofautisha umakini wa hiari, yaani ule ambao mtu huulazimisha uende anakotaka, na umakini unaovutwa tu na kitu chenyewe. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1989, Rachel Kaplan na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan waliitumia tofauti hiyo kueleza nadharia yao kuhusu namna umakini unavyorejeshwa. Kwa maelezo yao, umakini wa hiari huchoka kwa sababu kila tunapoutumia tunalazimika wakati huohuo kuvizuia vitu vingine vyote vinavyotuita, na kuzuia huko kunakoendelea kutwa nzima ndiko kunakochosha. Barabara yenye magari au simu inayolia kila dakika haitoi nafasi ya kupumzika, kwa kuwa kila kinachojitokeza humdai mtu aamue kukifuata au kukipuuza. Majani yanayotikisika, maji yanayopita juu ya mawe na mawingu yanayosogea huvuta jicho bila kuliteka. Mtu huyatazama, naye bado ana nafasi ya kuwaza mambo yake, na katika muda huo umakini wa hiari unapata kupumzika.

Hapo ndipo uhusiano na kutafakari unapoonekana. Kwa anayeanza, kutafakari ni matumizi mazito ya umakini wa hiari: anaielekeza akili yake kwenye pumzi, akili inatoroka, anatambua kwamba imetoroka, anairudisha, na baada ya sekunde chache inatoroka tena. Anayefika akiwa amechoshwa na miezi ya mitihani, kazi na simu hana akiba ya kufanya kazi hiyo. Kwa sababu hiyo, ratiba iliyopangwa vizuri humpa mgeni saa nyingi za kutembea polepole au kukaa chini ya mti mmoja bila zoezi lolote, na kwa maoni yangu mafungo yanayojaza kila saa kwa mafunzo na mijadala yanapoteza sababu yenyewe ya kwenda msituni.

Nadharia hii imewahi kupimwa. Mwaka 2008, Marc Berman, John Jonides na Stephen Kaplan walichapisha jaribio ambalo washiriki walisikilizishwa mfululizo wa tarakimu na kutakiwa kuzitaja kinyumenyume, kisha wakatembea kwa muda wa dakika 50 hivi, ama kwenye hifadhi ya miti ama katikati ya mji wa Ann Arbor, na waliporudi wakapimwa tena. Waliotembea penye miti waliboresha alama zao kuliko waliotembea mjini. Linalonivutia zaidi ni kwamba wengine walitembea wakati wa baridi kali, hawakuyafurahia matembezi hayo kama waliotembea wakati wa joto, na bado walinufaika vilevile. Kwa hiyo faida hiyo haikutokana na raha tu.

Umakini siyo hoja pekee. Vijana wengi huja kwenye mafungo kwa sababu ya mawazo yanayojirudia: neno lililosemwa vibaya, uhusiano uliovunjika, hofu ya maisha ya mbele, yote yakizungushwa kichwani bila kufika popote. Umri wenyewe unachangia, kwani sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia kupima na kuzuia misukumo, huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini, na uchunguzi mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kwamba robo tatu ya matatizo ya akili yanayowapata watu maishani huwa yamekwisha kuanza kufikia umri wa miaka 24. Gregory Bratman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwachukua watu 38, wakawatembeza kwa dakika 90, baadhi kwenye eneo la nyasi na miti, wengine kando ya barabara kuu. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2015, yalionyesha kwamba kundi la kwanza lilipungukiwa na mawazo ya kujirudia, na pia shughuli katika sehemu ya ubongo inayohusishwa na mawazo hayo ilipungua. Kundi la watu 38 ni dogo, na matembezi ya alasiri moja hayawezi kuitwa tiba, lakini matokeo hayo yanaeleza kwa nini mtu anayeshindwa kuikimbia akili yake akiwa chumbani huona ni rahisi kidogo kuishi nayo akiwa nje.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo ya mafungo hulitaja kwa nadra, nalo ni usingizi. Saa ya mwili, yaani mpangilio wa ndani unaouambia mwili lini ulale na lini uamke, huchelewa kadiri mtoto anavyokua, hufikia kilele cha kuchelewa karibu na umri wa miaka 20, kisha huanza kurudi nyuma. Till Roenneberg, mtafiti wa saa ya mwili mjini Munich, alilieleza hilo mwaka 2004. Taa za usiku na vioo vya simu huzidisha ucheleweshaji huo. Mwaka 2013, Kenneth Wright wa Chuo Kikuu cha Colorado alichapisha matokeo ya kuwapeleka watu wanane kupiga kambi wiki moja kwenye milima ya Rocky, bila taa za umeme wala tochi, wakitegemea jua na moto wa kuni peke yake. Melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, ilianza kupanda takriban saa mbili mapema kuliko walipokuwa nyumbani, na waliozoea kuchelewa kulala ndio waliobadilika zaidi. Kengele ya alfajiri inayolalamikiwa na karibu kila kijana siku ya kwanza huacha kuwa adhabu baada ya siku chache. Kijana ambaye saa yake imesogea huamka akiwa na usingizi wa kutosha, na aliyelala vya kutosha hasinzii anapofumba macho kutafakari.

Pamoja na hayo yote, mwanzo ni mgumu, na waandaaji waaminifu husema hivyo waziwazi. Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2014, waliwaacha watu peke yao chumbani kwa dakika 6 hadi 15 bila chochote cha kufanya ila kuwaza. Wengi hawakupendezwa. Katika jaribio mojawapo palikuwa na kitufe cha kujipiga shoti ndogo ya umeme, ambayo washiriki walikwisha kuionja na kusema wangelipa fedha waiepuke. Hata hivyo, katika dakika 15 za upweke, wanaume 12 kati ya 18 na wanawake 6 kati ya 24 walijipiga wenyewe. Kijana aliyenyang'anywa simu na kuambiwa anyamaze tangu asubuhi yuko katika hali inayofanana na hiyo, isipokuwa yeye ana miti, ndege na mwanga unaobadilika, vitu vinavyompa jicho lake pa kutua.

Si kila kinachosemwa kuhusu msitu ni cha kuaminiwa kwa kiwango kimoja. Japani, ambako idara ya misitu ya serikali ilianza mwaka 1982 kuhimiza wananchi waende kukaa msituni kwa ajili ya afya, baadhi ya watafiti wamedai kwamba harufu za miti huimarisha kinga ya mwili. Majaribio mengi ya aina hiyo yalihusisha watu wachache, nami nisingeyatumia kumshawishi mtu alipe nauli. Vivyo hivyo, kutafakari kwa saa nyingi kimya hakumfai kila mtu. Wapo wanaopatwa na hofu kali, kukosa usingizi au kurudiwa na kumbukumbu za mambo ya kutisha, na hatari hiyo huongezeka kwa aliyewahi kupoteza uhusiano na uhalisia au kupitia ukatili. Mafungo yasiyomuuliza kijana historia ya afya yake kabla ya kumpokea, na yasiyo na mtu wa kumwendea usiku mambo yakimzidi, ni ya kuepukwa hata kama mandhari yake yanapendeza.

Anayerudi mjini hana haja ya kusubiri mafungo mengine. Uchunguzi wa watu wapatao 20,000 nchini Uingereza, uliotolewa mwaka 2019, ulikuta kwamba waliokaa kwenye mazingira ya asili kwa dakika 120 au zaidi kwa wiki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema na wameridhika na maisha kuliko wale ambao hawakwenda kabisa. Uchunguzi wa aina hiyo hauwezi kuthibitisha chanzo, kwa kuwa huenda wenye afya ndio wanaotoka zaidi. Haikuleta tofauti kama dakika hizo zilitumika siku moja au ziligawanywa katika siku kadhaa, na bustani za umma za mijini zilihesabiwa pamoja na misitu.